Uuzie WhatsApp, Shopify au WooCommerce? Ulinganisho kwa jicho la usalama

Uliza kwenye grupu lolote la wafanyabiashara wapi pa kufungulia duka la mtandaoni, utajibiwa kwa bei na mwonekano. Shopify ghali, WooCommerce bure, WhatsApp haina longolongo. Suala la usalama huja baadaye, mara nyingi siku ambayo akaunti imeshaenda na mtu asiyejulikana anawaomba wateja wako pesa kwa jina la duka lako.

Hapa nalinganisha njia tatu ambazo wauzaji wadogo na wa kati wa kwetu huzizungukia: kuuza kupitia WhatsApp Business na Instagram huku malipo yakiingia kwenye lipa namba au till, kukodi duka lililokwisha kujengwa, Shopify likiwa ndilo mfano, na kujijengea tovuti kwa WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, na WooCommerce, nyongeza yake ya kuuzia bidhaa. Masoko ya pamoja kama Jumia nimeyaacha, kwa sababu huko mteja ni wa soko, siyo wako, na sehemu kubwa ya ulinzi iko mikononi mwa mwenye soko. Kwa Watanzania hata hivyo Jumia ilifunga shughuli zake mwaka 2019.

Tunapima nini

Kila njia inajibu maswali yale yale matano. *Funguo*: nani anaweza kuingia dukani, na mwizi akiingia unamtoaje. *Pesa*: malipo yanapita wapi, na unajuaje kwamba yameingia kweli. *Taarifa za wateja*: majina, namba za simu, wanakoishi na walichonunua vinakaa wapi, na nani mwingine anaviona. *Ukarabati*: tundu likigundulika kwenye mfumo, nani analiziba. *Siku ya balaa*: simu ikiibwa, akaunti ikifungiwa au tovuti ikivamiwa, unarudije kazini.

Sheria sikuifanya kigezo kwa kuwa inazibana njia zote tatu sawasawa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Uganda ilipitisha ya kwake 2019, Rwanda 2021. Hakuna hata moja inayosema muuzaji wa WhatsApp hahusiki. Kenya huwaondolea wengi wenye mauzo ya chini ya KSh milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 ulazima wa kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini msamaha unaishia kwenye usajili. Wajibu wa kulinda unabaki pale pale, na taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mteja, una saa 72 za kumjulisha Kamishna. Mwaka 2023 mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa KSh 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wale wa kupiga picha wateja na kuzitupia status, hiyo inawahusu.

Njia ya kwanza: WhatsApp Business na Instagram

*Funguo.* Duka lote limening'inia kwenye laini moja ya simu. Mwenye kupata ile meseji ya tarakimu sita anaweza kuisajili WhatsApp yako kwenye simu yake, na hizo tarakimu huzipata kwa njia mbili: ama unampa mwenyewe ("samahani dada, kuna kodi nimeituma kwako kwa bahati mbaya, nisomee"), ama laini yako inasajiliwa upya na mtu mwingine. Dawa yake ni ya dakika mbili. Ingia kwenye mipangilio, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN na barua pepe ya kuirejesha. Usipoweka, mwizi anaweza kuweka PIN ya kwake, nawe ukaambiwa usubiri siku saba. Yakikukuta, usikae tu: sajili namba yako upya, ingiza tarakimu za SMS, na yeye atatolewa hapo hapo hata kama wewe bado unasubiri siku zako.

Tundu lisiloangaliwa ni orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Aliyeiba namba na kuisajili kwenye simu mpya haoni soga zako za zamani. Ila kijana wa dukani uliyemruhusu kuskani QR kwenye kompyuta anaziona, na akiacha kazi kabla hujamtoa, ataendelea kuona oda zikiingia akiwa nyumbani kwao. Upande wa Instagram, mtego wa kila siku ni ujumbe wa kwamba umekiuka hakimiliki au umepata tiki ya bluu, bonyeza hapa uthibitishe. Usibonyeze. Washa hatua mbili kwa programu ya kutoa namba badala ya SMS.

*Pesa.* Hapa njia hii ina nguvu ambayo haisifiwi ipasavyo: hugusi kadi ya mtu. Mteja anaweka PIN yake kwenye simu yake, wewe unapokea tu. Hatari ni meseji feki. Siku hizi zimeandikwa vizuri, hata koma ziko mahali pake, isipokuwa zinatoka kwenye namba ya kawaida badala ya jina la huduma. Skrinshoti nayo siyo ushahidi wa chochote. Mzigo usitoke mpaka uone muamala ndani ya app ya biashara au salio limeongezeka. Kenya kuna na la 456: aliyekulipa kwenye namba yako binafsi anaweza kusambaza ujumbe wa muamala kwenda 456 akidai alikosea, wakati bodaboda iko njiani na mzigo. Tumia till au lipa namba ya biashara, namba binafsi iache kwa ndugu.

*Taarifa za wateja.* Ndipo njia hii inapovuja kuliko zote, tena bila mdukuzi. Chukua muuza viatu. Mteja amelipa, muuzaji anapiga skrinshoti ya meseji ya muamala na kuiweka status: "Asante mteja wetu wa Mbezi, mzigo uko njiani." Pichani panasomeka jina kamili, namba ya simu, kiasi na saa. Baada ya muda mfupi mteja anapigiwa: "Mimi ndiye niliyebeba mzigo wako, pikipiki imeharibika, tuma 5,000 niupandishe kwenye gari." Atakataaje? Anayepiga anajua jina lake, alichonunua na alicholipa. Ongeza kwenye hilo lokesheni za nyumbani zinazobaki kwenye simu za madereva miezi na miezi. Ujumbe wenyewe umefungwa kwa usimbaji kutoka simu hadi simu tangu 2016, ila usimbaji hauzuii mkono wa mwenye simu.

*Ukarabati.* Kazi ya Meta, mwenye WhatsApp na Instagram. Wewe sasisha app na simu.

*Siku ya balaa.* Akaunti ikifungiwa, hakuna ofisi ya kwenda kugonga mlango. Unajaza fomu na kungoja. Kwa hiyo orodha ya wateja na oda ambazo hazijakamilika ziwe na nakala nje ya WhatsApp, kwenye faili lenye neno la siri. Bakapu ya soga inayokwenda Google Drive au iCloud inaweza kusimbwa tangu 2021, lakini lazima uiwashe mwenyewe.

*Inamfaa* anayeanza, anayeuza oda chache kwa siku, anayefahamiana na wateja wake na ana mfanyakazi mmoja au hana kabisa.

Njia ya pili: Shopify

*Funguo.* Kila mfanyakazi anapewa akaunti yake na unachagua anachoruhusiwa kuona. Anayefungasha mizigo hana haja ya kuona mapato ya mwezi. Tatizo ni kwamba mipango ya bei ya chini huweka kikomo cha akaunti za wafanyakazi, na hapo ndipo watu huanza kugawana neno moja la siri la bosi, na faida yote inapotea. Ufunguo mkuu hata hivyo ni barua pepe ya mwenye duka. Ukiwa na Gmail ya zamani yenye neno la siri ulilotumia pia kwenye tovuti ya kubeti, anza na hiyo.

*Pesa.* Shopify ina cheti cha daraja la kwanza la PCI DSS, kiwango cha kimataifa cha kulinda taarifa za kadi, na namba za kadi hazipiti mikononi mwako. Kwa muuzaji mwenye wateja wa Watanzania na Wakenya walioko Ulaya, Marekani au Ghuba, ambao hulipa kwa kadi, hilo ni jambo kubwa. Lakini huduma yake yenyewe ya malipo haijafika Kenya wala Tanzania, hivyo utaunganisha kampuni nyingine ya kupokea malipo, na Shopify itakutoza asilimia ya ziada kwa kutumia ya nje. Kabla hujaunganisha, hakikisha kampuni hiyo ina leseni ya Benki Kuu ya nchi yako. Pesa ya wateja wako inalala kwake kabla ya kufika kwako.

*Taarifa za wateja.* Zinakaa mahali pamoja, zina mpangilio, na mteja akitaka zake zifutwe unaweza kumfutia bila kupekua simu tatu. Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, ziko nje ya nchi, na sheria za Kenya na Tanzania zina masharti juu ya kupeleka taarifa nje, kwa hiyo liandike wazi kwenye sera yako ya faragha. La pili, zile app za nyongeza. Kila unayoisakinisha inaomba ruhusa, na nyingi huomba kusoma wateja na oda zote hata kama kazi yake ni kuonyesha nyota za maoni. Soma orodha ya ruhusa kabla ya kukubali, na usiyoitumia iondoe.

Na tusiwape utakatifu wasio nao. Septemba 2020 Shopify yenyewe ilitangaza kwamba wafanyakazi wawili wa kitengo chake cha msaada walichukua rekodi za wateja za maduka karibu 200. Kampuni kubwa hupunguza hatari, haiimalizi.

*Ukarabati.* Siyo kazi yako, na hiyo ndiyo sababu halisi ya kulipa kila mwezi. Cheti cha HTTPS, seva, viraka vya usalama, vyote ni vyao. Kinachobaki kwako ni misimbo ya programu aliyobandika fundi kwenye themu yako (muundo wa mwonekano wa duka), kwa kuwa hiyo hawaikagui.

*Siku ya balaa.* Mashambulizi ya kuizidi tovuti nguvu hutayasikia. Ila mfanyakazi akifuta bidhaa zote kwa hasira, hakuna kitufe cha kurudisha duka kama lilivyokuwa jana, kwa hiyo shusha faili za bidhaa, wateja na oda mara kwa mara. Usipolipa, duka linasimama. Na hakikisha jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lako, ili siku ukihama uende nalo.

*Inamfaa* mwenye oda nyingi, mwenye wateja wa kadi au wa nje, mwenye wafanyakazi wanaobadilika badilika, na asiye na mtu wa kompyuta wa kumwita usiku.

Njia ya tatu: WordPress na WooCommerce

*Funguo.* Hapa milango iko minne: WordPress yenyewe, paneli ya seva, akaunti ya jina la tovuti, na barua pepe iliyofungulia hivyo vyote. Kosa linalojirudia kwetu ni fundi kusajili jina la .co.tz au .co.ke kwa jina lake na barua pepe yake. Mkikosana au akihamia mji mwingine, duka ni lake kwa karatasi. Dai usajili uwe kwako tangu siku ya kwanza. Fundi mwaminifu haoni tabu.

Ukurasa wa kuingilia wa WordPress unajulikana na dunia nzima, na roboti huujaribu mchana na usiku kwa jina la "admin". Usilitumie. Washa hatua mbili kwa kila mwenye cheo cha usimamizi, weka kikomo cha kujaribu, na fundi akimaliza kazi mshushe cheo au mfute.

*Pesa.* Kuna njia ya kumpeleka mteja kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, na kuna ya kuweka fomu ya kadi ndani ya tovuti yako. Nakushauri ya kwanza, hata kama mbunifu wako atalalamika kwamba inaharibu mwonekano. Mwaka 2018 wezi walipenyeza mistari 22 ya msimbo wa programu kwenye tovuti ya British Airways. Kila aliyejaza fomu ya malipo, nakala ya alichoandika ilikwenda kwao. Zaidi ya wateja 400,000 waliguswa, na mwaka 2020 shirika lilipigwa faini ya pauni milioni 20 na mamlaka ya Uingereza. Lile lilikuwa shirika la ndege lenye idara nzima ya TEHAMA. Duka la vitenge lenye fundi wa muda litagundua lini?

Kwa M-Pesa ya Kenya kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, kuna ufa mwingine, na mafundi wengi wanauacha wazi. Mteja akiweka PIN kwenye simu, Safaricom hutuma jibu kwenye anwani fulani ndani ya tovuti yako: muamala umefanikiwa, kiasi hiki, kumbukumbu hii. Anwani hiyo iko mtandaoni, na jibu lenyewe halina sahihi ya kidijitali ya kuthibitisha limetoka kwa nani. Akiijua mtu mwingine, anaweza kutuma jibu lake la kutunga na oda ikaonekana imelipwa. Muulize fundi swali hili moja: jibu likifika, tovuti inarudi kuuliza Daraja hali ya muamala huo na kulinganisha kiasi kabla ya kupitisha oda? Akibabaika, kazi haijaisha.

*Taarifa za wateja.* Ziko kwenye seva uliyoichagua, hata ya ndani ya nchi ukitaka, na hakuna anayezisoma bila wewe kumruhusu. Kwa mwenye nidhamu, hakuna njia inayompa mamlaka makubwa zaidi. WooCommerce ina sehemu ya kufuta yenyewe oda na akaunti za zamani baada ya muda unaoutaja, itumie. Punguza na maswali kwenye fomu ya oda. Muuza mikoba anamtakia nini mteja tarehe ya kuzaliwa?

*Ukarabati.* Wako wewe. Julai 2021 tundu zito liligunduliwa ndani ya WooCommerce, na kampuni ikasukuma kiraka kwa maduka moja kwa moja kutokana na uzito wake. Machi 2023 likaja jingine kwenye plagini (programu ya nyongeza) yake ya malipo, WooCommerce Payments. Kiraka kilitoka mwezi huo huo. Mashambulizi makubwa yalikuja Julai: Wordfence, kampuni ya usalama wa WordPress, ilihesabu mashambulizi milioni 1.3 dhidi ya tovuti 157,000 siku ambayo yalifikia kilele. Miezi minne ilikuwa imepita tangu dawa itolewe, na wezi walikuwa wakiwatafuta ambao hawajainywa.

Washa masasisho ya moja kwa moja, angalau ya usalama. Na zile plagini za kulipia zinazogawiwa bure kwenye magrupu ya Telegram, zikatae hata kama aliyekuletea ni rafiki: mara nyingi zimebebeshwa mlango wa nyuma.

*Siku ya balaa.* Ukiwa na bakapu nzuri, unaweza kurudi haraka kuliko njia zote mbili za juu, kwa sababu kila kitu ni chako. Bakapu nzuri ni ile isiyokaa kwenye seva hiyo hiyo, na ambayo imewahi kujaribiwa kurejeshwa kwenye tovuti ya mazoezi. Bila hiyo, unaanza upya kuandika bidhaa moja moja.

*Inamfaa* mwenye mtu wa kompyuta anayelipwa kila mwezi (siyo aliyejenga akaondoka), mwenye mahitaji yasiyopatikana kwenye maduka ya kukodi, au anayelazimika kuweka taarifa ndani ya nchi.

Kulingana na hali yako

Kama unaanza na mtaji ni wa kuunga unga, kaa WhatsApp, lakini weka PIN, tumia lipa namba ya biashara na acha kabisa kutupia skrinshoti za miamala. Ukiyafanya hayo matatu, uko salama kuliko mwenye tovuti nzuri isiyosasishwa.

Kama wateja wako wa nje wameanza kuuliza "mnapokea kadi?", usiwaombe wakutumie namba ya kadi kwa ujumbe, hata kwa nia njema. Hapo ndipo gharama ya Shopify inapoanza kuwa na maana. Kumbuka tu kwamba kuwalenga wateja walioko Ulaya kunaweza kukuingiza chini ya GDPR pia, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi.

Kama bajeti ya tovuti unayo lakini ya matunzo huna, usijenge WooCommerce. Ubure wake uko kwenye kupakua tu. Piga hesabu ya seva, jina, bakapu na ujira wa mtu wa kuitunza kwa mwaka mzima, kisha linganisha na kodi ya Shopify kwa mwaka huo huo. Wengine watakuta bado WooCommerce ni nafuu. Ni sawa, mradi huo ujira uwemo kwenye hesabu.

Wengi wataishia kuchanganya: Instagram ya kuonyesha, WhatsApp ya kuzungumza, tovuti ya kulipia. Mchanganyiko ni mzuri, ila vigezo vitano vinapimwa kwa kila kipande, na oda zote zirekodiwe sehemu moja tu.

Na kama tayari una tovuti uliyojengewa na fundi ambaye siku hizi hapokei simu, fuata mpangilio huu. Anza na jina la tovuti: wasiliana na kampuni iliyolisajili ukiwa na nyaraka za biashara, ulirudishe kwenye jina na barua pepe yako. Halafu akaunti ya seva, ubadilishe neno la siri na barua pepe ya mawasiliano. Shusha bakapu kamili kwenye kompyuta yako. Kisha ingia WordPress, fungua orodha ya watumiaji, na ondoa kila msimamizi usiyemjua kwa jina na sura.